Ini la Mke Wangu Kusemwa Vibaya Hospitalini

Kwa Mganga Mkuu,

Mheshimiwa, pole na kazi. Mimi ni fundi cherehani, nashona magauni ya akina mama mkabala na lango lako. Naandika kwa adabu, ila moyo unachemka. Naomba yule daktari kijana wa kliniki ya akina mama ahamishwe, tena mbali. Sababu ni hizi:

1. Alimpitishia mke wangu mashine tumboni, akatangaza kwamba ini limejaa mafuta. Mke wangu hajaonja pombe tangu azaliwe! Mlevi ni shemeji yake, na ini la huyo hakuna aliyelisema. Haki iko wapi?

2. Akaongeza kuwa mwilini mna uvimbe wa ndani kwa ndani, hauonekani, hauumi, ila unamla polepole. Makubwa! Kisichoonekana wala kuuma, sisi tunakiita afya.

3. Unene ule ni jasho langu. Watu walikuwa wakisema fundi anajua kutunza, nami natembea kifua mbele. Sasa amepungua, na mama mkwe amekuja na begi la nguo, haondoki mpaka ajue namnyima nini mwanawe. Yuko sebuleni, ananitazama tu.

4. Soda imefukuzwa nyumbani. Sahani yangu ni majani matupu, utadhani nafugwa. Na kila alfajiri mke wangu anatembea mpaka sokoni na kurudi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mke wangu ni mzuri, anajitembezea nini?

5. Majirani wamemfuata, wanaleta magauni niyapunguze kiuno. Nani atabaki kuwa ushahidi kwamba wanaume wa mtaa huu tunatunza?

6. Kijana huyo amemtisha eti ini likikakamaa atawaacha watoto wadogo. Nikamwambia mke wangu, hata ukitutoka, heri utoke umenona, watu waone ulitunzwa. Alifunga kamba za viatu akatoka.

Wasalimie wauguzi wote, mlinzi wa lango, na wale wa maabara.

Wako mtiifu, ninayeonewa,
Fundi

N.B. Naandika haya mgongoni mwa bahasha. Ngazi za ofisi yako zimenishinda katikati, nimekaa chini, kifua kinabana. Mke wangu ndiye anayekuletea barua, maana yeye anapanda bila hata kuhema. Tafadhali, yule kijana usimhamishe kwanza. Mwambie ashuke. Mbio.