Kihatarishi Ambacho Ripoti Yenu ya Mwaka Haikukitaja

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Vihatarishi,
Kampuni ya Chipu ya Henglan,
Hsinchu.

Ndugu Mwenyekiti,

Mimi ni Chuang Mei-hsiu, muuza supu ya mipira ya nyama karibu na hekalu, na ni mwanahisa wenu. Hisa zangu ni chache, lakini sikosi mkutano mkuu, na zawadi ya wanahisa huipokea kwa mikono miwili. Mwaka huu mmetupa sabuni ya vyombo. Inatoa povu vizuri, ahsanteni. Nilipewa pia ripoti ya mwaka, na kwa kuwa mvua ilifukuza wateja, nikaisoma sura yote ya vihatarishi. Nasikitika kusema kwamba mmewaficha wanahisa jambo kubwa.

Kwanza. Mmetaja matetemeko, vimbunga, ukame, umeme kukatika, mataifa makubwa kugombana, hata mteja mmoja kununa na kwenda kwingine. Mwanangu Tsung-yen hamkumtaja. Ana miaka thelathini na saba, ni mhandisi wa mashine zenu za kutengenezea chipu za simu na kompyuta, na hajaoa. Wenyewe mmeandika kwamba uhaba wa wahandisi unaweza kuidhuru biashara. Sasa, ndugu yangu, wahandisi wa kesho watazaliwa na nani? Mashine?

Pili. Mshenga wetu, Bi Hung, alitupangia chakula cha mchana na binti mfamasia, Lo Pei-chi. Samaki wa mvuke ndiyo kwanza anawekwa mezani, simu ya mwanangu ikalia.

"Mama, mashine imegoma, lazima niende."

"Kaa ule samaki! Mashine haina tumbo."

Akaenda. Pei-chi akamla samaki yule mpaka mifupa, kisha akaniuliza kwa upole, "Mama, hivi mwanao ana simu, au simu ndiyo ina yeye?" Aibu niliyoipata haielezeki. Bi Hung hadi leo ananipita sokoni kama hanijui.

Tatu. Nilipombana, Tsung-yen alisema kuna mtu aliweka pakiti ya manjano juu ya mashine. Mji mzima unajua kwamba mashine huwekewa pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi, isiyofunguliwa wala kupitwa na tarehe, ili iwe na adabu na ifanye kazi. Ya manjano ni kuiambia iende kwa kusitasita, kama taa ya barabarani. Ripoti yenu ina kurasa mia tatu na haina neno hata moja juu ya vitafunio hivi. Nani anavinunua? Nani anakagua tarehe? Mnasema kutegemea msambazaji mmoja ni hatari. Je, pakiti za kijani zikiadimika madukani mtafanyaje? Simu, magari na ndege za dunia nzima zinategemea mahindi yaliyojazwa hewa, na sisi wenye hisa hatujaambiwa.

Nne. Kwa kuwa mnamwita usiku na mchana, mnamlisha, na hata akilala anawataja ninyi, ni wazi kwamba mmemwoa. Sipingi, lakini kuoa kuna utaratibu. Upande wa bwana harusi huleta keki za uchumba, nasi tukawagawia majirani. Sijaona keki. Leteni maboksi ya kutosha mtaa wetu na shangazi zake wa Miaoli, na mwenyekiti wa bodi aje mwenyewe kunywa chai, amevaa tai. Kisha ndoa hii iandikwe katika ripoti ijayo, pale mnapoeleza kampuni mlizoungana nazo.

Kama hamwezi, mwachieni Jumapili ijayo mchana. Nimepata mshenga mwingine, ghali na mkali. Najua mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini baba yake alifariki akiuliza kama kijana amepata mtu, na mimi nimechoka kula peke yangu. Hilo nalisema wazi.

Wasalimuni wajumbe wa kamati, wakaguzi wa hesabu, walinzi wa geti ambao ni wateja wangu, na mama zenu, ambao naamini watanielewa haraka kuliko ninyi.

Mwanahisa wenu mwaminifu,
Chuang Mei-hsiu

Nyongeza: Nikiwa natafuta gundi ya bahasha, Tsung-yen ameingia na binti. Anaitwa Kuo Yi-jung, mhandisi wa zamu ileile. Wanapendana mwaka wa pili huu. Siku ya samaki yeye ndiye aliyepiga simu. Mashine ilikuwa nzima. Amekunywa mabakuli mawili ya supu na kuomba la tatu. Basi likizo siitaki tena. Jumapili mpeni kazi, na usiku pia. Ila Yi-jung anasema wapenzi wakijulikana mnawatenganisha, mmoja mnampeleka kiwanda kipya cha ng'ambo. Kwa hiyo nawasihi, habari hii isifichuliwe kwa yeyote, hasa kwa wakubwa wa kampuni. Sasa ndiyo nakumbuka kwamba wakubwa ni ninyi. Mkono unauma, siwezi kuandika upya, na suala la pakiti za kijani lazima liwafikie, maana sasa nina watoto wawili humo ndani. Tafadhalini, jifanyeni mliishia kwenye salamu.