Kofia ya Kipusa

Jumatatu, 3 Juni

Farasi wa jirani amevaa kofia. Naandika tena, nisije nikasoma baadaye nikadhani nilikuwa na homa: farasi amevaa kofia. Ya kitambaa cha maua, ina matundu mawili ya masikio, kaishona mwenyewe yule fundi cherehani tunayepakana naye ukuta. Nikamuuliza ya nini. Akasema nzi wanamsumbua Kipusa machoni. Nzi! Mimi nzi wananisumbua tangu nizaliwe na hakuna aliyewahi kunipima kichwa.

Kuanzia leo namwita Mama Kofia.

Ningenyamaza, lakini mwoka mikate anatafuta gari moja la farasi la kupelekea mikate madukani. Kazi ya kudumu. Tumeomba wawili tu: mimi na farasi wangu Chuma, Mama Kofia na huyo bibi harusi wake. Majaribio ni Jumamosi. Nimechoka kubeba mchanga. Mke wangu amechoka kufua nguo za mchanga, na kasema nikiikosa kazi hii nitazifua mwenyewe.

Jumanne, 4 Juni

Nimechungulia ukutani. Anamwosha farasi miguu kwa maji ya moto. Mimi, mume wa mtu, naoga ya baridi!

Nikamweleza mke wangu kwamba hivi ndivyo wenye farasi wanavyowaharibu. Blanketi, brashi, mafuta ya kwato, kesho utasikia mto wa kulalia. Chuma hajawahi kupigwa brashi na yuko imara. Mke wangu akasema Chuma anauma watu. Nikasema huo ndio uimara wenyewe.

Halafu likanijia wazo, nikakosa hata hamu ya kula. Farasi aliyedekezwa kiasi bado anafanya kazi. Aliyedekezwa kupita kiasi hainui mguu. Basi Mama Kofia ameanza, mimi namalizia. Nitamdekeza Kipusa mpaka aharibike kabisa.

Jumatano, 5 Juni

Mama Kofia alipotoka kupeleka nguo za wateja, nikaingia kwake na karoti. Kipusa anazichukua kwa midomo, taratibu, kama mtu aliyelelewa. Chuma huchukua na kidole. Nikamkuna chini ya kofia. Akaniwekea kichwa begani.

Nilikaa pale kwa ajili ya mpango tu. Nilikaa sana.

Mke wangu kauliza karoti za mchuzi zimeenda wapi. Nikasema panya.

Alhamisi, 6 Juni

Mpango umenoga. Namfundisha Kipusa: hatua mbili, anasimama, karoti. Hatua mbili, anasimama, karoti. Jumamosi mikate itafika madukani imeota ukungu.

Nimempiga brashi pia. Anapenda shingoni, upande wa kushoto.

Chuma alikuwa anatutazama juu ya ukuta. Niliporudi akaipiga teke ndoo yake. Wivu! Sina muda wa farasi mwenye hisia. Mke wangu naye akauliza nilikuwa namwimbia nani kule. Nikasema sikuwa naimba, nilikuwa nahesabu hatua kwa sauti.

Jumamosi, 8 Juni

Nina hasira hata kalamu inatoboa karatasi.

Mwoka mikate alisimama mlangoni, unga mpaka kwenye nyusi. Masharti: zungukeni maduka yote na kreti za mikate, mrudi bila kuangusha hata mmoja. Mama Kofia akaanza. Kipusa akaenda hatua mbili. Akasimama. Nusura nipige makofi.

Kisha akageuza shingo akaniona.

Akanijia, na gari lake na mikate yake, akaanza kunipekua mifukoni mbele za watu. Nikarudi nyuma, akanifuata. Nikakata kona kwa kinyozi, akakata kona. Nikapita duka la sabuni, duka la viatu, duka la dawa, natembea haraka kama mtu aliyekumbuka jambo, na kila nikitazama nyuma naona ile kofia ya maua. Hakusimama tena hata mara moja. Mama Kofia alikaa juu ameshika hatamu, hana la kufanya. Niliponyoosha mguu kumkimbia, nikajikuta nimerudi palepale kwa mwoka mikate. Tumezunguka maduka yote. Hakuna mkate ulioanguka.

Mwoka mikate akasema hajaona farasi mtulivu hivi.

Zamu yangu. Chuma akanitazama, akalinusa shati langu lililojaa manyoya ya Kipusa, akagoma. Nikavuta. Akaniuma. Kisha akala mkate wa watu.

Na hapa ndipo ninapotaka mtu anieleze dunia inakwenda wapi. Mwoka mikate akaona karoti zikining'inia mfukoni mwangu, akanivuta pembeni, akaniambia kwa upole kwamba shida yangu anaijua. Eti wengine tunawapenda farasi mno. Eti Chuma amedeka. Eti nijifunze ukali kidogo kwa jirani yangu.

Kwa Mama Kofia! Aliyemshonea farasi kofia!

Jumapili, 9 Juni

Nimefua tangu asubuhi. Mchanga hauishi. Mke wangu kakaa kivulini, ananionyesha sehemu nilizoruka.

Mama Kofia alikuja na mkate wa shukrani. Akasema amebakiwa na kitambaa cha maua, kama Chuma atapenda. Nikamwambia wazi kwamba nyumba hii haidekezi mnyama. Mke wangu akaenda kumpima Chuma masikio.

Nimewaza sana kwenye beseni na kosa nimeliona. Mpango ulikuwa sawa, ila Kipusa sikumdekeza vya kutosha. Kesho naanza upya, mpaka mwoka mikate amfukuze. Karoti safari hii nitazichemsha kidogo. Zile mbichi ni ngumu, na jino lake la nyuma linamsumbua, maskini, na wala hakuna anayejali.