Afisa Uhusiano na Ndoo Sitini za Asali

Siku hiyo Bushiri alikuwa anakatiza tu sokoni Mwanjelwa, mikono mfukoni, alipomwona mama mmoja akiurudisha mchele kwenye gunia la watu.

"Mchele mzuri, sikatai," mama alisema. "Lakini Sabina hajauandika."

Akaondoka zake. Bushiri akasimama palepale kama aliyeitwa jina.

"Sabina ndiye nani?" akamuuliza muuzaji.

"We unaishi wapi? Bloga wa Iringa huyo, wa mambo ya jikoni. Akisifia kitu leo, kesho hakipo sokoni. Juzi kasifia maharage ya Mbalizi, nikauza mpaka niliyoweka ya mbegu!"

Basi, mjanja akishapata neno kama hilo, usingizi tena ni wa nini? Bushiri alikuwa na kadi mfukoni iliyoandikwa *Afisa Uhusiano, Ndani na Nje ya Nchi*. Huko nje ya nchi alikuwa amefika Tunduma mpakani, tena upande wetu. Lakini kadi ilikuwa nzuri, na ulimi aliopewa na Mungu ulikuwa mzuri zaidi.

Wiki hiyohiyo bajaji yake ikatoweka. Mkewe, Hanifa, aliambiwa iko gereji. Ukweli ni kwamba iliuzwa, na fedha yake ikageuka sukari, ndimu, majani ya chai na ndoo ndogo sitini, mpya kabisa, zenye lebo ya rangi ya dhahabu: *Asali Halisi ya Kilolo*. Katika asali ile nyuki hakuwa na mchango hata wa tone moja. Bushiri alihitaji jambo moja tu: Sabina aisifie, ndoo ziishe, na bajaji nyingine irudi uani kabla Hanifa hajajua. Na Hanifa alishaanza kuuliza hiyo gereji iko mtaa gani.

Akatunga barua pepe ndefu yenye "heshima kwako" nne, akaituma kwa mabloga arobaini kwa mpigo. Kesho yake Sabina akajibu: "Ndugu Afisa, asante. Ila mimi siitwi Ezron, na sijawahi kuandika habari za magari."

Ruwaida, mwenye steshenari alikotumia kompyuta, aliisoma barua ile akashika kiuno.

"Kaka Bushiri, umewaita watu arobaini wote Ezron?"

"Ezron ndiye alikuwa wa kwanza kwenye orodha."

"Na huyu dada, umesoma hata kitu kimoja alichoandika?"

"Nisome ya nini? Mimi nataka aandike."

"Jamani! Hata anayepeleka posa huuliza jina la binti kwanza. Andika fupi. Mwite kwa jina lake. Mpe kisa cha kweli, kitakachowafaa wasomaji wake, maana huyo hafanyi kazi kwako, anafanya kazi kwao."

Hilo la kweli lilimpa Bushiri tabu kidogo, lakini alikaa siku tatu akisoma. Akajua kwamba Sabina ni Mhehe, mzaliwa wa Kilolo. Kwamba haandiki kitu kabla ya kumwona mkulima na kuonja. Na kwamba hakuna watu anaowapenda kama watani zake Wangoni, ambao kila akikutana nao huporana nao vitu wakicheka. Babu zake Bushiri wote walitoka Kilwa. Hata hivyo akaandika:

"Dada Sabina, nimepika kisamvu kama ulivyoelekeza, nyumba nzima imelamba vidole. Mama yangu ni Mngoni wa Songea, kwa hiyo mimi ni mtani wako. Nimeuza bajaji yangu ili asali ya mzee mmoja wa Kilolo iingie mjini. Njoo uonje."

"Hii sasa ndiyo barua," Ruwaida akasema. Hakuuliza lipi ni kweli. Kweli ilikuwa ni bajaji tu.

Saa haikupita. "Mtani! Jumamosi nakuja. Nataka kumwona mzee na mizinga yake."

Sasa mzee atoke wapi? Bushiri akakodi kirikuu, kile kigari cha mizigo, akapakia ndoo zake zote, mbio mpaka Kilolo. Huko akampata Mzee Kasian, mfugaji nyuki wa kweli, aliyekuwa akiuza asali safi katika chupa za maji zilizookotwa, na wateja wakiipita. Bushiri akaimwaga ndoo yake moja, akaijaza asali aliyonunua kwake, akaiweka mbele.

"Mzee, kazi yako ni kusimama penye mizinga na kutabasamu."

"Nikiulizwa habari za nyuki?"

"Jibu kidogo."

Jumamosi Sabina akaja na mabuti yake. "Kamwene!" akasalimia kwa Kihehe. Kasian akaitikia, na hilo "kidogo" likachukua saa mbili. Alieleza maua, alieleza malkia, alieleza baridi ya Juni inavyowaua nyuki wake kwa njaa. Sabina alirekodi kila neno. Kisha akaonja ile ndoo ya mbele, akafumba macho.

"Hii ndiyo asali!"

Bushiri akashusha pumzi. Kabla hajaimaliza, dada wa watu alishafungua ndoo ya tatu, akachovya kidole. Akakilamba.

"Mtani," akasema polepole, "hawa nyuki wako walikuwa wanakunywa chai ya rangi?"

Bushiri akakimbilia kufunika ndoo. Sabina akacheka mpaka akashika mti, kisha akapanda juu ya kirikuu, simu inarekodi.

"Wangoni leo mmepatikana! Mzigo wote huu nimeuteka!"

"Dada, hebu shuka tuzungumze..."

"Mtani hakasiriki. Au wewe si Mngoni?"

Hapo ndipo mjanja alipobanwa. Akisema ni Mngoni, ndoo zimekwenda. Akisema siye, ni mwongo mbele ya nchi nzima, na asali yake imeshaonjwa.

"Ni... Mngoni," akasema, kwa sauti ya mgonjwa.

Ile sukari ikamiminwa kwenye vyombo vya kulishia nyuki mizingani, nyuki wenye njaa wakanywa bila kuuliza lebo. Ndoo zikaoshwa, zikajazwa asali ya Mzee Kasian, na maandishi ya dhahabu yakabaki vilevile, kwa kuwa sasa yalikuwa kweli. Roho ilimuuma Bushiri, tena ilimuuma haswa. Alirudi Mbeya na risiti ya kirikuu.

Jumanne habari ikatoka, na namba ya simu ya Mzee Kasian. Mwishoni Sabina alimshukuru "mtani wangu Bushiri wa Mwanjelwa, aliyeuza bajaji yake ili mzee huyu apate ndoo." Bushiri akajifariji kwamba simu ya Hanifa ni ya vitufe, haiingii mtandaoni. Alisahau kwamba majirani wana zao.

Jioni alimkuta mkewe mlangoni, kanga kiunoni.

"Soko zima limenipongeza," Hanifa akasema. "Wanasema nina mume mwenye moyo."

"Mke wangu, ile gereji..."

"Nyamaza. Nimempigia Mzee Kasian mwenyewe. Wakala wake wa Mwanjelwa kuanzia leo ni mimi." Akamtazama juu mpaka chini. "Moyo unao, nimesomewa. Sasa tuone na mgongo. Ndoo ishirini ziko stendi, na bajaji hatuna."