Marehemu Ameridhika na Huduma

Jumatatu, 3 Machi

Miezi kumi na moja tangu niombe kibali cha kubomoa ukuta. Saluni yangu ya kinyozi ina viti vitatu na nafasi ya kimoja. Chumba cha pili ni kitupu tangu jirani yangu, fundi viatu, alipofariki mwaka juzi. Ukuta tu unatutenganisha, mimi na utajiri. Jiji linasema faili langu linashughulikiwa. Mwenye Vitambaa, wa duka la ng'ambo ya barabara, alipata kibali chake kwa siku nne. Mke wangu anasema aliomba kwa adabu. Haya.

Leo karani wa jiji kapita na dodoso: wafanyabiashara wa mtaa huu wanaridhika kiasi gani na huduma na vibali? Kaniachia fomu mbili kwa bahati mbaya. Mbaya kwake.

Jumanne, 4 Machi

Fomu ya kwanza nimejaza mwenyewe. Sijaridhika, sijaridhika, sijaridhika kabisa. Ya pili ndiyo yenye akili. Nimeijaza kwa jina la fundi viatu, kwa mkono wa kushoto ili mwandiko usifanane na wangu. Ameridhika mno. Kwenye maoni anapendekeza chumba chake na saluni viunganishwe haraka. Nani atamnyima mtu aliyeridhika?

Mke wangu kaona. Kasema jina la marehemu haliazimwi. Nikamjibu kwamba jiji halisomi fomu, nikazipeleka zote mbili.

Jumatano, 5 Machi

Jiji linasoma fomu. Karani kapiga simu asubuhi, ananiomba nimfikishie jirani shukrani kwa maoni yake mazuri. Hakumshukuru vya kutosha, kasema, jirani alipofika dirishani jana kuthibitisha. Nikacheka. Yeye hakucheka. Kasema ni mzee mpole, hasemi sana, ananukia gundi, na alitia sahihi kwa mkono wa kushoto.

Ilinijia baadaye, nikimnyoa mteja: fundi alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Nimemkata mteja sikio. Kidogo tu.

Alhamisi, 6 Machi

Mkaguzi wa majengo kaja na futi yake. Hakuingia kwangu. Kabisha mlango wa fundi, mlango wenye kufuli lililoota kutu, akasubiri, akasema asante, akaingia. Nilikuwa nafagia kizingiti changu. Niliona.

Nusu saa. Katoka akitembea kwa raha, soli za viatu vyake mpya kabisa. Kufuli lilikuwa pale pale, na kutu yake.

"Hongera, kaka," kaniambia. "Ukuta unabomolewa Jumanne."

Nilitaka kumkumbatia. Kisha nikasoma karatasi. Kibali kimetolewa kwa fundi viatu, apanue duka lake, mita tatu kuingia saluni. Mita tatu ndiyo saluni.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda ofisi za jiji kulalamika. Madirisha mawili. La kwanza foleni imefika ngazini, watu wanafoka, mama mmoja kaleta mto wa kukalia. La pili halina mtu hata mmoja, ila karani wake anaita namba, anasikiliza, anatikisa kichwa, anagonga mhuri, anasema karibu tena. Kiti mbele yake kilikuwa kikilia kila baada ya dakika chache, kama mtu anakaa na kuinuka.

Nikaenda hilo la pili. Sipendi foleni.

"Mzee, wewe umeridhika na huduma zetu?" karani kaniuliza.

Nikasema sijaridhika hata chembe.

"Basi dirisha lako ni lile pale. Hapa tunahudumia walioridhika."

Nikamuuliza hao ni akina nani. Kasema ni watu wasiokuwa na haraka. Mikono yake ilikuwa baridi aliponirudishia karatasi. Labda feni.

Jumamosi, 8 Machi

Nyundo inagonga upande wa pili tangu tufungue. Ndogo, ya fundi viatu. Ukuta umepasuka, na kwenye ufa inatoka harufu ya gundi. Wateja wawili wameondoka na nusu kichwa.

Mke wangu kasimama mbele ya ufa, kaomba radhi kwa niaba ya nyumba yetu. Nyundo ikanyamaza.

"Sasa wewe, baba watoto," kasema. "Neno moja tu. Samahani."

Nikamwambia siuombi ukuta radhi. Nyundo ikaanza tena. Mke wangu kachukua mkoba wake, kaenda kwa dada yake.

Ila nimepata wazo. Walio hai wanapanga foleni, marehemu wanahudumiwa siku hiyo hiyo. Dawa ninayo mkononi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefika jiji mapema na fomu mpya. Jina: marehemu kinyozi. Ameridhika mno. Dirisha la pili, bila kusubiri. Karani kanipokea kwa jina, kagonga mhuri, kibali hiki hapa: ukuta, chumba cha fundi, vyote vyangu. Fundi mwenyewe alikuwa kwenye kiti cha jirani. Kanisogezea nafasi. Hana kinyongo, kumbe.

Nimerudi kwa miguu, mwepesi ajabu. Mke wangu karudi, yuko mlangoni, macho mekundu. Nimemsalimia mara tatu, hajibu. Bado kanuna. Mwenye Vitambaa kafunga duka mchana kweupe, kavaa nyeusi, anamsaidia kupanga viti nje ya saluni. Watu wamejaa mpaka barabarani, wamekaa kimya, wengine nilikuwa sijawaona miaka. Wanasubiri.

Foleni yote hii ni yangu. Viti vitatu havitatosha. Kesho naomba kibali cha ghorofa.