Maoni Juu ya Muuaji Aliyeboreshwa

Msafara wa Kukusanya Maoni ya Watazamaji, Kanda ya Nyanda za Juu Kusini, ulikuwa umeshaipita Mlandege, taa zinawaka mchana kweupe, ndipo ikagundulika kwamba filamu yenyewe imebaki ofisini. Dereva akaomba kugeuza. Katibu wa Kamati, Bwana Crispin, akamkataza. Alisema Kamati imeundwa kwenda mbele. Basi akatumwa mtu wa bodaboda aifuate filamu, na sisi tukaendelea kwenda Idodi kukusanya maoni juu yake.

Mimi nilikuwamo kama Mjumbe Anayewakilisha Wapita Njia. Cheo hiki sikukiokota. Nilikuwa nimesimama barabarani nangoja lifti, Kamati ilikuwa na upungufu wa mwananchi mmoja, nikapanda. Maisha yangu yote nimepita njia, kwa hiyo uzoefu ninao.

Sasa nieleze jambo lenyewe, maana ni zito. Kuna picha ya zamani ya kutoka nje, ya muuaji wa kukodiwa, ambayo watu wa huku wameiangalia mpaka kuku wanaijua. Mwanamke anatumwa kumwua gavana mla rushwa. Anapanda ghorofa kwa kamba, anampiga risasi, gavana anatoka dirishani pamoja na kiti chake. Imeisha. Ofisi ya Uratibu wa Burudani ikaona picha hiyo ina mapungufu: haina ushirikishwaji. Ikaitengeneza upya kwa Kiswahili, ikaiita *Mlengaji: Toleo Lililoboreshwa*. Muuaji alichezwa na Tumpe, fundi cherehani wa Mbeya. Gavana alichezwa na Mratibu Mkuu mwenyewe, Bwana Bartholomeo, kwa sababu katika usaili, aliousimamia yeye, ndiye aliyeonekana kufaa.

Maboresho yalikuwa makubwa. Muuaji hapandi kamba. Anapitia mapokezi, anakaa kwenye benchi, anasubiri kuitwa. Akiingia anamkuta gavana anachapa kazi. Gavana anamhutubia mpaka jua linazama. Muuaji analia, anasalimisha bunduki, anapelekwa semina. Hafi mtu. Mratibu alitufafanulia kwamba mwenye cheo akifa kwenye picha, watoto wanaweza kudhani inawezekana.

Maoni yaliyoruhusiwa yalikuwa matatu: Nzuri, Nzuri Sana, na Nimeguswa.

Pale Idodi tulifikia kwenye Kituo cha Utazamaji wa Pamoja, ambacho wenyeji hukiita kibanda umiza. Mwenye kibanda ni Mbuke, wa familia ya wafugaji waliotoka kaskazini, wakakaa Usangu, wakaishia huku. Runinga yake kubwa ilikuwa imechukuliwa na Ofisi kwa ajili ya ukaguzi, kama zilivyochukuliwa za vibanda vyote vya kanda. Alikuwa amebaki na kajiruninga ka kuazima. Katibu akamsomea utaratibu: maoni yakiwa mazuri, atapata kibali pamoja na ruhusa ya kuulizia runinga yake. Yakiwa mabaya, kibanda kinafungwa. Kufuli alikuwa nalo mkononi, jipya.

"Yaani nifungiwe kwa midomo ya watu?" Mbuke akauliza. "Hawa nawajua, mwanangu. Hawa hata mahubiri wanayatoa kasoro."

"Mama, huko ndiko kushirikisha wananchi."

"Na watoto wangu wanakula hapa hapa kwenye hiki kibanda."

"Hilo nalo ni shirikishi," Katibu akasema.

Bodaboda akafika na filamu. Mratibu, aliyesafiri na msafara, alibaki garini, vioo juu, kiyoyozi kikivuma, ili asiyaathiri maoni. Picha ikaanza.

Dakika hazikupita nyingi, mzee Yakobo wa benchi la mbele akanyoosha fimbo. "DJ yuko wapi?"

"Mzee wangu, picha hii ni ya Kiswahili," Katibu akasema.

"Nimesikia ni ya Kiswahili, mimi si kiziwi. DJ yuko wapi? Nani anatueleza?"

Hapa inabidi niweke wazi. Katika kibanda kile kila picha huelezwa na Nyanda, mume wa Mbuke, akiwa na kipaza sauti. Ikiwa ya Kichina anaeleza, ikiwa ya Kihindi anaeleza, na lugha hizo zote hazijui. Watu wa Idodi huona picha isiyo na DJ ni kama uji usio na sukari: huo wa wodini.

Kwenye picha, Tumpe akakaa kwenye benchi la mapokezi.

"Steringi anapanga foleni?"

"Labda bunduki haina kibali."

Gavana akaanza kuhutubia. Tumpe akaangua kilio. Kibanda kikachafuka.

"Steringi halii! Tangu lini steringi akalia?" Regina, muuza nyanya, alikuwa amesimama juu ya benchi. "Ile ya zamani jambazi alikufa na kiti chake! Huyu wamemwacha hai wa nini?"

"Mimi naenda kukamua ng'ombe," Yakobo akasema.

Katibu akaanza kulifungua kufuli. Mbuke akamfinya mumewe mkono. "Baba Kulwa, ongea! Ongea, tunafungiwa!"

Nyanda akachukua kipaza sauti, akaanza kutafsiri Kiswahili kwa Kiswahili.

Gavana kwenye picha alisema maendeleo ni mchakato. Nyanda akaeleza: "Jambazi anasema, dada yangu usipige tumbo, kitambi hiki nimekilea kwa taabu!"

Yakobo akakaa chini.

Gavana akasema ni lazima tuzingatie miongozo. "Anasema, jamani nakiri! Runinga zenu ziko kwangu! Nyingine sebuleni, nyingine jikoni, moja nimeweka bafuni, naangalia mpira nikiwa na povu kichwani!"

Watu wakapiga mabenchi. Tumpe akatoa bunduki kuisalimisha. "Steringi anamwambia, haya, chagua mwenyewe pa kupigwa. Machozi hayo ni ya huruma, anafikiria jeneza la kumtosha litatoka wapi!" Ikaja semina, watu wamekaa kwenye meza ndefu, gavana mbele yao. "Ameshakufa huyo! Hapo ni kuzimu, hao ni mashetani, wanangoja chai!"

Nikakusanya maoni mimi mwenyewe. Yakobo alisema Nimeguswa, na akataka irudiwe. Regina alisema Nzuri Sana, hasa yule jambazi, anaigiza kama kweli vile. Hapakupatikana Nzuri ya kawaida hata moja.

Mratibu akateremsha kioo. "Nimesikia vifijo. Wanasemaje?"

"Nzuri Sana, mheshimiwa," Katibu akajibu.

"Wamependa wapi zaidi?"

Katibu akatazama vumbi. "Unapozungumza wewe."

"Nilijua," Mratibu akasema. Papo hapo akatoa agizo: Mbeya, mbele ya Mgeni Rasmi kutoka makao makuu, picha ionyeshwe vile vile ilivyoonyeshwa Idodi, na huyo DJ awepo.

Nyanda akasogea dirishani, kofia mkononi. "Mheshimiwa, kule kuna wakubwa. Si nipunguze kidogo?"

"Ukipunguza neno moja, kibanda nafunga."

"Hata ya bafuni?"

"Neno moja!"

Mimi niliunga mkono hoja. Ndiyo kazi ya mjumbe.

Mbeya kulikuwa na baridi ya kung'ata masikio. Ukumbi ulijaa suti na vitenge vizito. Mgeni Rasmi, Mama Evarista, aliwekwa mbele karibu na Mratibu. Nyanda alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Akamtazama mkewe kule nyuma. Mbuke akazungusha vidole hewani kama mtu anayefunga kufuli. Nyanda akaanza, na hakupunguza.

Kwenye kitambi, Mgeni Rasmi alicheka. Mgeni Rasmi akicheka, utaratibu ni kucheka kwa kufuata vyeo, kwa hiyo Mratibu akacheka wa pili. Alicheka vizuri tu, mpaka ilipofika bafuni.

Taa zilipowashwa, Mama Evarista akamgeukia Nyanda. "Hiyo ya runinga umeitunga wewe?"

"Mama, mimi natafsiri tu. Aliyesema ni yeye pale."

"Na kweli zilichukuliwa?"

"Ziko kwenye ukaguzi," Mratibu akasema haraka.

"Ukaguzi unafanyika wapi?"

Akajibu Tumpe kutoka safu ya waigizaji, ambaye hakuwa ameulizwa. "Nyumbani kwake, mama. Ndiko tulikopigia picha. Mimi nilikuwa nabadilishia nguo bafuni, na iliyomo bafuni ni kubwa kweli."

Nyanda alikuwa bado hajazima kipaza sauti. Ukumbi mzima ulimsikia: "Kumbe ipo?"

Bwana Bartholomeo alipangiwa majukumu mengine, nayo ni kusubiri kupangiwa majukumu. Katibu Crispin anakaimu nafasi yake, na husema yeye tangu mwanzo alikuwa na wasiwasi. Tumpe amerudi kwenye cherehani. Wateja humwomba alie kidogo. Kamati haijavunjwa, kwa kuwa hakuna anayejua nani aliiunda. Mimi nilipata lifti ya lori la viazi nikaenda zangu Tunduma. Yakobo anaiangalia *Toleo Lililoboreshwa* kila Jumamosi na hakubali kwamba gavana hakufa. Nyanda hapunguzi neno. Mbuke alirudishiwa runinga yake. Ina ukungu wa mvuke upande wa kushoto, lakini kibanda kinajaa.