Kamba ya Mpira

Jumanne, 3 Machi
Wiki ya tatu ya ndoa! Bado nikimwona mume wangu na jembe begani, moyo unanipiga pu! Leo baba mkwe ametugawia robo ekari yetu na robo ekari ya shemeji na mkewe. Kila nyumba pakiti moja ya mbegu za mahindi. Watakaopanda vizuri zaidi watapewa shamba la bondeni. Nalitaka! Tutajenga chumba chetu huko, mbali na kikohozi cha baba mkwe.

Jumatano, 4 Machi
Bwana shamba, ambaye ndiye mwamuzi, kasema shimo hadi shimo sentimita thelathini. Kamba ya katani kaiwahi shemeji. Nimwombe? Ng'o! Nimekata tyubu kuukuu za baiskeli, nikaziunga, nikafunga kitambaa kila sentimita thelathini kwa rula yangu ya shule. Mume wangu kaniita injinia. Nusura nizimie.

Alhamisi, 5 Machi
Tumepanda! Nilishika ncha moja, mpenzi akavuta ya pili. Misuli ile! Tumemaliza saa nne asubuhi, wenzetu saa kumi jioni. Na mbegu zetu zimebaki karibu nusu pakiti. Tija hiyo! Mke wa shemeji kapita, akauliza, bibi harusi, hapo katikati mtapitisha ng'ombe? Wivu mtupu.

Jumamosi, 14 Machi
Mahindi yameota. Bwana shamba kapima mara tatu, akavua kofia. Sentimita hamsini na tano! Akaomba kamba, akaivuta, ikaenda, ikaenda. Alipoiachia ikamchapa baba mkwe kidoleni. Mzee kacheka hadi machozi, akamwambia mume wangu, mwanangu, umeoa manati. Bonde limekwenda kwa shemeji. Nimelia. Mume wangu kasema kosa ni lake, alivuta mno kwa sababu nilikuwa namtazama. Mwanamume gani huyu!

Jumapili, 15 Machi
Baba mkwe katuonea huruma. Tupande mbegu zilizobaki nyuma ya banda la kuku; tukifanya vizuri, msimu ujao bonde ni letu. Mke wa shemeji kaniletea kamba ya katani. Nimemshukuru, nimekataa. Kamba ndizo zilizotuponza! Safari hii mume wangu atatembea tu, kila hatua shimo moja. Ana miguu mirefu, jamani! Tutamaliza kabla ya chai.