Matairi ya Kumpeleka Hidaya Muyinga

Jumatatu, 3 Septemba 2012. Gitega.

Hili sijamwambia mtu yeyote. Tairi la nyuma la jipu la baba halikuokota msumari barabarani. Msumari niliutia mimi, jana baada ya adhuhuri, kwa mchi wa mama.

Sikuwa na njia nyingine. Jumamosi tunampeleka dada yangu Hidaya kwa mumewe Muyinga, na matairi yote yamekwisha, laini kama sahani. Baba anasema yalimfikisha Ryansoro na kurudi kabla mimi sijazaliwa. Hilo ndilo ninalolilalamikia.

Sasa hana budi kununua. Na anayenunua anahitaji mshauri. Nani mwingine hapa nyumbani amesoma kijitabu cha matairi kilichokuwa ndani ya jipu, chote, kwa Kifaransa?

Shabaha yangu ni kiti. Nyuma ya jipu, bibi harusi hukaa katikati. Upande mmoja shangazi, upande wa pili msichana wa kumshikia chetezo na mkoba. Mama amempa kiti hicho binamu yangu Zuena, ati Zuena anajua kuongea na watu. Kuongea anajua. Kunyamaza ndiko hajajaribu. Mimi nimepangiwa basi dogo, pamoja na masufuria.

Nimelala kitanda kimoja na Hidaya tangu niache kunyonya. Kuna mambo sijamwambia. Masufuria hayatanisaidia.

Jumanne, 4 Septemba.

Nilimweleza baba, huku nikitazama vidole vya miguu yake. Njia ya Muyinga ni lami. Lami inataka matairi ya lami: yenye mistari myembamba, iliyonyooka, yasiyopiga kelele. Nilimaliza bila kupumua.

Zuena akaingilia, bila kuulizwa. Akasema bora yale makubwa yenye meno, jipu litatoka vizuri kwenye picha. Akanigeukia: "We Bahati iko na akili ya kitabu tu. Muyinga watatuona aje na vitairi hivyo?" Msichana anachagua matairi kwa ajili ya picha. Nilimdharau kimya kimya, kama kawaida yangu.

Baba alicheka. Akasema msomi wa nyumba ni Bahati, aende dukani kwa mzee Mohamedjaffer akachague. Fundi Matata atayafunga, na hesabu wazee wataimaliza wenyewe. Nikichagua vizuri, ataongea na mama kuhusu kiti.

Zuena alikunja mdomo. Siku njema sana.

Jumatano, 5 Septemba.

Nilikuwa nimeandaa sentensi: "Tunaomba matairi ya lami, mzee." Si ndefu. Niliirudia njia nzima.

Mzee Mohamedjaffer aliniona mlangoni, akasema karibu, binti wa Hamissi. Mkewe Roshanara akaniletea chai ya maziwa kabla sijafungua mdomo. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Ukishakunywa chai ya mtu mzima, tena kwenye kiti chake, utamwambiaje kwamba amekosea? Labda Zuena angeweza. Zuena hana haya.

Mzee akasema anajua, baba anataka kwenda shambani kwake Bukirasazi mvua zikianza. Nikatabasamu. Akasema njia ile ni tope tupu, iko mbaya sana. Nikasema ndiyo, mzee. Sikudanganya. Ni mbaya.

Yakashushwa matairi manne. Meno kama ngumi. Yale yale ya Zuena. Nyuma ya bega la mzee, rafuni, matairi ya lami yalikuwa yananitazama.

Mzee akauliza kama nimeridhika. Nikasema asante sana. Nikamaliza chai.

Alhamisi, 6 Septemba.

Fundi Matata aliyafunga, kisha akauliza kama bibi harusi anapelekwa kwa mume au vitani. Baba aliyazunguka mara kadhaa. Akasema haya ni ya kulimia.

Zuena alikuwa ameshatangaza mtaa mzima kwamba wazo lilikuwa lake. Nilimwachia. Mimi si mchoyo.

Baba alitaka kuyarudisha. Duka limefungwa, mzee amekwenda Bujumbura. Na yale ya zamani Matata ameshamuuzia mtu anayeyakata kuwa sandali.

Jioni baba alilijaribu jipu kwenye lami. Linanguruma kama mashine ya kusaga muhogo. Zuena alishuka amejishika masikio. Akasema kichwa chake si cha kuchezea, kiti apewe anayekitaka. Shangazi hakuona tatizo lolote. Shangazi hasikii tangu zamani.

Kwa hiyo kiti ni changu. Mpango umefaulu. Naandika: umefaulu.

Jumamosi, 8 Septemba. Muyinga.

Tulipotoka mjini tu, nikagundua kwamba hakuna anayemsikia mwenzake. Baba usukani, mama pembeni yake, midomo inachezacheza bure. Basi nikaanza kusema.

Sijawahi kusema hivyo maishani. Nilimwambia Hidaya kwamba nimekuwa nikilia ndani ya kitambaa chake cha kichwa. Nilimwambia kuhusu msumari. Tulipopita Karuzi nikahamia kwa mumewe, Sefu, na hapo nilikuwa na mengi. Hidaya alitazama mbele tu, ushungi umemfunika.

Kosa la haya matairi ni kwamba yakisimama, yananyamaza ghafla.

Wanawake wa ukweni walikuwa wamejipanga mlangoni. Vigelegele vilikatika, wanashangaa kile kinachonguruma. Baba akazima gari. Mimi nilikuwa bado njiani, kwa sauti yangu yote: "Huyo Sefu wako hana hata shingo, kichwa kimewekwa juu ya koti!"

Mama mkwe alimtazama mwanawe. Naapa alikuwa anaitafuta.

Jumapili, 9 Septemba. Gitega.

Zuena ameshaisimulia Muyinga nzima hadithi hiyo, na njiani kayasimulia hata masufuria. Mama amenifinya mpaka mkono umevimba. Hakuna anayelilaumu tairi.

Wakati wa kuagana Hidaya alinivuta pembeni. Akasema kitambaa ameniachia chini ya mto, tangu Ijumaa. Kisha akasema nikitaka kuja kumwona nimwombe baba tu, msumari niuache.

Alisikia. Yote.

Kitambaa nimekikuta. Nimekivaa sasa hivi.

Kesho mzee Mohamedjaffer atatubadilishia, tupate yale ya lami. Baba anasema Muyinga tutarudi Idi Kubwa. Mbali mno. Hidaya anasema niombe. Kuomba ni kusema, na nimeona kusema kunakonifikisha. Lakini tairi jipya likipata msumari, itabidi linunuliwe jingine, na tairi jingine lazima lijaribiwe safari ndefu kwenye lami. Nimeshaufikiria vizuri. Mchi nimeuficha chini ya kitanda.

Wewe usimwambie mtu. Zuena usimwambie, na Hidaya usimnong'onezee hata kidogo, maana yule husikia.